Poto Iko, Moto Haiko
Ahadi za umeme wakati wa kampeni, na namna ushirika unaweza kuzipima



Kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 tulichapa mu gazeti hili habari fupi iliyosema umeme unakuja kijijini. Ilitoka kwenye ushirika mmoja wa wakulima wa mahindi, jimbo la Haut-Katanga, ndani kidogo ya barabara ya Kasenga. Mgombea mmoja wa ubunge alikuwa amefika na lori. Akasimika poto saba kutoka kwa chifu mpaka sokoni, akasema mbele ya watu wote kwamba kabla ya Pasaka taa zitawaka. Tulipiga picha ya poto, tukaandika maneno yake, tukafunga ukurasa. Hatukumuuliza waya utatoka wapi.

Mwaka huu tumerudi pale. Poto sita bado zimesimama, moja imeliwa na mchwa ikaanguka. Watoto wamefunga kamba kati ya mbili, wanaanika nguo. Hakuna waya hata mmoja. Ndani ya depo ya ushirika, chini ya bashi, kuna mota mpya ya umeme ya mashini ya kusaga ambayo haijazunguka hata siku moja.

Ile mota ndiyo fedha ya misimu mitatu. Wanamemba walikuwa wanaweka akiba ili kununua mashini ya mazutu. Waliposikia umeme unakuja, komite ikakaa, ikahesabu: mazutu ni bei, na umeme ukifika itakuwa hasara kubakia na mashini ya moshi. Wakanunua ya umeme. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa. Jambo waliloliegemea ndilo lilikuwa la uongo, au tuseme halikuwa na mguu.

Mama prezida wa ushirika alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuambia: «Mu gazeti yenu muliandika ya kama moto inakuya. Siye tukaitika. Sasa ba mama banabeba mahindi ku kichwa masaa mbili, kwenda kusaga kwa benzetu. Muandike tena, muandike vile iko leo.»

Alisema bila hasira, na kwa hiyo ilituuma zaidi. Yule mgombea hakupata kiti. Aliyepata kiti, wanamemba walipomfuata kumuuliza, alijibu: «Ile poto haiko yangu. Muulize mwenye kuisimika.»

Basi tunaandika vile iko leo. Gazeti letu halina chama, na hatutamwambia mtu ampigie nani. Lakini kufuatana na Katiba uchaguzi mkubwa utarudi mwaka 2028, malori yatarudi, na poto zitarudi. Tunataka safari hii ushirika wako uweze kutenganisha ahadi na kazi iliyofanyika, kabla ya kutoa fedha yake.

Ahadi yenye umri

Umeme siyo zawadi ya mgombea. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na nguvu ya umeme inahakikishwa. Mtu akikuambia «nitawapa umeme» kama anatoa mfukoni mwake, mkumbushe kifungu hicho kwa heshima.

Mwaka huohuo wa 2006 Joseph Kabila aliomba kura akiwa na programu ya «chantiers tano», na maji na umeme yalikuwa mojawapo ya zile tano. Mwaka 2011 akarudi na «mapinduzi ya kisasa». Kazi gani ilifanyika? Tuseme yote mawili, mema na mapungufu. Tarehe 17 Juni 2014 ilitoka sheria nambari 14/011, iliyomaliza enzi ya SNEL peke yake: tangu siku hiyo makampuni mengine, hata ya wenyeji, yanaweza kuomba ruhusa ya kuzalisha na kuuza umeme. Mwaka 2016 dekreti zikaunda ARE, mamlaka ya kusimamia bei na ruhusa, na ANSER, shirika la kupeleka umeme vijijini. Mwaka 2018 kituo cha Zongo II, megawati 150, kilizinduliwa huko Kongo Central. Hiyo ni kazi, inaonekana. Lakini kituo cha Katende, megawati 64, kule Kasai ya Kati, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa mkopo wa India, kazi ikasimama, na mpaka leo Kananga bado inangoja moto wa Katende.

Félix Tshisekedi alishika uongozi Januari 2019. Chini yake ANSER, ambayo ilikuwa karatasi tu, ilipata viongozi na kuanza kazi. Ilikuja pia programu ya maendeleo ya teritwari 145, iliyotangazwa kwa dola bilioni 1.6: ndani yake mna shule, vituo vya afya, barabara, na vituo vidogo vya umeme wa jua. Kwa ahadi hii kila mmoja wenu ni mkaguzi. Teritwari yako ni moja kati ya 145. Nenda ukaangalie: shule iko? Kituo cha afya kiko? Kituo cha jua kiko, na kinawaka? Andika ulichokiona kwa macho, siyo ulichosikia redioni.

Januari 2025, mu mkutano wa Dar es Salaam, nchi yetu ilikuwa kati ya nchi 12 za Afrika zilizoleta mpango wa umeme. Kongo ilisema kufika 2030 watu wenye umeme watapita asilimia 60. Leo ni kama mtu mmoja juu ya watano, na ukitoka mijini ni kama mmoja juu ya mia. Hiyo ni ahadi yenye nambari na tarehe, na ahadi ya namna hii ni nzuri kwa sababu inaweza kupimwa. Tuiweke mu kitabu.

Na wale ambao hawajakaa kwenye kiti cha urais? Nao wana njia waliyopita. Moïse Katumbi, aliyesimama mwaka 2023, alikuwa gavana wa Katanga ya zamani kuanzia 2007 mpaka 2015. Ni haki kuuliza jimbo lilifanya nini kwa umeme wa vijiji miaka ile. Ni haki pia kukumbuka kwamba sheria ya kufungua mlango ilikuja Juni 2014 tu, mwishoni mwa muda wake. Martin Fayulu amekuwa mbunge. Mbunge anaulizwa ni maswali gani ya umeme alimpelekea waziri. Kila mtu anapimwa kwa kiti alichokalia, siyo kwa kiti cha mwingine.

Waya unaopita juu ya kichwa

Kuna ahadi moja tunaisikia kila kampeni huku kwetu: «Line ya Inga inapita hapa juu, nitawakatia muda mfupi.» Wakulima wengi wanaiamini, kwa sababu waya wanauona kila siku wakienda shambani. Tuieleze vizuri.

Inga I ilianza kazi mwaka 1972 na megawati 351. Inga II ikafuata mwaka 1982 na megawati 1,424. Kutoka Inga mpaka Kolwezi wakavuta line ya karibu kilomita 1,700 ili kulisha migodi ya shaba. Line hiyo inapita juu ya vijiji vingi ambavyo havijawahi kuwasha hata balbu moja.

Sababu siyo roho mbaya peke yake. Umeme mu line hiyo ni wa namna nyingine: unatiririka upande mmoja tu, kama ule wa betri, lakini kwa nguvu kubwa mno. Balbu na mota zetu zinatumia ule unaokwenda na kurudi. Kugeuza umeme kutoka namna moja kwenda nyingine kunahitaji kituo kikubwa sana, na vituo hivyo viko mahali pawili: Inga na Kolwezi. Katikati hakuna. Huwezi kupanda ukaweka transfo ya kijiji, kama vile huwezi kutoboa bomba kubwa la mafuta kwa msumari ili ujaze taa yako.

Basi mtu akikuambia atakata line ya Inga, jambo ni moja kati ya mawili: hajui, au anajua kwamba wewe hujui. Lakini kama line inayopita kwenu ni ya kawaida ya SNEL, inayotoka kwenye kituo cha karibu, hapo maneno yanaweza kuwa na maana. Uliza ni line gani kabla ya kupiga makofi.

Utepe ni wa nani, fedha ni ya nani

Kiongozi akikata utepe, picha inabakia miaka mingi. Ila kukata utepe na kujenga ni kazi mbili.

Desemba 2015 kituo cha maji cha Matebe, kama megawati 13, kilizinduliwa huko Rutshuru, na rais wa wakati ule alikuwepo. Fedha na kazi zilitoka kwa Hifadhi ya Virunga na wafadhili wake, pamoja na Umoja wa Ulaya. Nyumba nyingi na mashini za kusaga kule Rutshuru na Goma ziliunganishwa, ingawa vita vimekata nyaya zaidi ya mara moja. Hapo serikali ilitoa ruhusa, na ruhusa ni kitu. Lakini mwenye kuruhusu asijiite mwenye kujenga.

Huku Haut-Katanga tuna Mwadingusha, juu ya mto Lufira, kituo cha zamani cha wakati wa ukoloni. Kilikarabatiwa, mitambo yake yote sita ikarudi kazini mwaka 2021, zaidi ya megawati 70. Ukarabati ulilipiwa na kampuni ya mgodi wa Kamoa kama mkopo kwa SNEL, na kampuni inarudishiwa fedha kupitia bili zake za umeme. Umeme huo una mwenyewe tayari. Mgombea akisema «Mwadingusha imetengenezwa, basi vijiji vitawaka», muulize: katika megawati hizo, ngapi zimeandikwa kwa ajili ya vijiji, na ziko kwenye karatasi gani?

Inga kubwa na mashini yetu ndogo

Inga 3 ni ahadi ambayo imezeeka mikononi mwetu. Machi 2014 Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 73 za maandalizi. Julai 2016 ikasimamisha. Oktoba 2018 serikali ikasaini na makampuni ya China na ya Uhispania kwa kituo cha karibu megawati 11,000. Mwanzoni mwa 2020 kampuni kubwa ya upande wa Uhispania ikajitoa. Juni 2025 Benki ya Dunia ikarudi na dola milioni 250 za awamu ya kwanza. Kila hatua ilitangazwa kwa sauti kubwa, na bado hakuna mtambo unaozunguka.

Hatusemi Inga 3 haina maana. Siku moja inaweza kusaidia nchi nzima. Tunasema mkulima aweke hesabu yake mwenyewe pembeni. Mashini ya kusaga ya kijiji inahitaji mota ya kilowati 10 hivi. Megawati moja ni kilowati 1,000. Maana yake megawati moja, kama ingefika kweli mpaka vijijini, ingezungusha mashini kama hizo mia moja kwa wakati mmoja. Sisi hatuna shida ya megawati 11,000. Shida yetu ni kilowati 10 zilizo hapa, siku ya kusaga.

Na kilowati hizo zinaweza kutoka kwenye kijito cha karibu chenye maporomoko, au kwenye pano za jua. Jua ni letu. Ila hata hapa tusidanganywe. Mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi zaidi ya pale ikiwa imekwisha kushika mwendo, kwa hiyo pano zinazowasha taa na redio hazisukumi mashini. Kuna kifaa cha kuianzisha mota polepole, na bila hicho kazi haiendi. Tena mashini ya jua isiyo na betri inasaga wakati jua liko juu tu: asubuhi mapema na siku ya mvua ba mama watangoje. Mgombea akileta pano mbili na picha ya mashini, mwambie awashe kwanza, msage debe moja mbele ya watu.

Kila kiti na kazi yake

Ahadi nyingi zinaanguka kwa sababu aliyezitoa hana uwezo wa kuzitimiza, hata akishinda.

Mbunge hajengi kituo cha umeme. Kazi yake ni kupiga kura ya sheria na bajeti, na kumuuliza waziri hadharani. Akiwa anamaliza muda, muulize: ni swali gani la umeme ulilopeleka, tarehe gani, ulijibiwa nini? Bajeti ya umeme vijijini uliyoipigia kura, ni kiasi gani kilitoka kweli? Wizara ya Bajeti inachapa majedwali yanayoonyesha fedha iliyopangwa na fedha iliyotolewa. Mbunge anaweza kuyapata, na anaweza kuwaletea.

Gavana na mbunge wa jimbo wana mlango tangu sheria ya 2014: jimbo lina sauti juu ya miradi ya umeme ya mahali. Waulize ni wangapi wameomba ruhusa mu jimbo, wangapi wamepata, na karatasi ilikaa muda gani mezani.

Rais na serikali wanasaini mikataba mikubwa. Kwao swali ni: mikataba mliyosaini mara ya mwisho imefika wapi, na mahali gani panawaka leo ambapo hapakuwaka zamani?

Maswali ya kumuuliza kandida

Yakateni, muyabandike ukutani mwa depo:

1. Umeme utatoka wapi? Kituo gani, line gani, mto gani, au jua?
2. Ni kilowati ngapi, na zitatosha mashini ngapi za kusaga?
3. Nani analipa? Karatasi ya fedha iko wapi?
4. Transfo, waya na konteri viko ndani ya hesabu, au ni poto tu?
5. Kilowati moja kwa saa tutailipa bei gani, na nani ameruhusu bei hiyo?
6. Kikiharibika, fundi ni nani, anakaa wapi, na vipuri vinanunuliwa kwa fedha gani?
7. Ukishindwa uchaguzi, mradi unabakia na nani?

Swali la saba ndilo ambalo lingeokoa fedha ya ushirika wa barabara ya Kasenga. Mradi wa kweli una mwenyewe hata mgombea akishindwa: una karatasi ANSER, SNEL, jimboni au kwa kampuni. Mradi unaokufa usiku wa kuhesabu kura haukuwa mradi.

Waliofanya nini

Hatukuondoka pale mikono mitupu. Mkutano mkuu wa ushirika ulikaa, tukakaribishwa kusikiliza. Papa mmoja mzee alitaka mota iuzwe, hata kwa hasara. Vijana wakakataa: mota ni nzima, inaweza kusukumwa na jua kama watapata pano za kutosha na kile kifaa cha kuianzisha polepole. Mabishano yakawa marefu. Mwisho wakakubaliana mambo mawili.

La kwanza: hawatatoa tena faranga hata moja mpaka wanamemba watatu waende kuona kwa macho mashini ya jua inayosaga mahali pengine, wazungumze na wenye kuitumia, wasiongee na muuzaji peke yake. Tumeahidi kuwasaidia kupata mahali hapo, na hii tunaiandika hapa ili mutushike.

La pili: wamefungua kurasa za nyuma za kitabu cha mikutano kwa ajili ya ahadi. Kila kiongozi au mgombea atakayekuja na neno la umeme, sekretari ataandika jina, tarehe, alichosema na siku aliyotaja, kisha atamuomba asaini. Asiyetaka kusaini, naye ataandikwa hivyo. Ahadi ya kwanza waliyoandika ni ya zile poto saba. Ya pili, mama prezida alituelekezea kidole: ni ile habari yetu ya 2023. Ameandika jina la gazeti, na tarehe. Tulisaini.

Tunaomba kila ushirika unaotusoma ufungue kitabu kama hicho sasa, wakati hakuna kampeni na vichwa vimetulia. Mukiona poto, transfo au pano zilizokuja na uchaguzi, mupige picha, muandike zilifika lini na kama zinawaka, mumpatie animata wetu akipita. Zinazowaka tutaziandika kwa furaha. Zisizowaka tutaziandika pia.

Picha iliyo juu ya ukurasa huu ni ileile ya poto zetu, tumesimama mahali palepale. Ukilinganisha na ile ya 2023 utaona tofauti moja tu: safari hii ni sita.